Mstari na Ukimya: Nyaraka za Lincoln, Mpima Ardhi na Wakili wa Illinois

Nyaraka za mtu binafsi zina hadaa yake. Msomaji anapozishika hudhani amemshika aliyeziandika. Kumbe alichokishika ni kile tu ambacho kazi ya mwandishi ilimruhusu kukiandika. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea karatasi za Abraham Lincoln za miaka aliyokuwa mpima ardhi, na baadaye wakili, katika jimbo la Illinois, wakati ambapo sehemu kubwa ya jimbo hilo ilikuwa bado eneo jipya la walowezi wa Marekani. Hoja ya msingi ni kwamba umbo la waraka ndilo linaloamua nani asikike ndani yake na nani anyamazishwe, hata pale mwandishi anapokuwa mtu wa kusifiwa.

Lincoln aliteuliwa kuwa naibu wa mpima ardhi wa kaunti ya Sangamon mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 24. Hakuwa amefunzwa kazi hiyo. Alijipatia dira na mnyororo, akajisomea vitabu vya Gibson na Flint, kisha akaingia porini. Mnyororo wa wapimaji wa zama hizo ulikuwa na urefu wa futi 66 na viungo 100. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1785, ardhi ya serikali ilikuwa ikigawanywa katika miraba ya maili sita kwa sita, na kila mraba kukatwa vipande 36 vya ekari 640. Kazi ya mpima wa kaunti ilikuwa kuifuata mistari hiyo, kubainisha mipaka ya mashamba, na kuchora barabara na miji mipya. Miongoni mwa miji aliyoipima Lincoln ni New Boston, mwaka 1834, na Petersburg, mwaka 1836.

Lugha ya kumbukumbu za upimaji ni lugha ya pande na tarakimu. Pembe ya kipande cha ardhi ilipoangukia msituni, wapimaji waliitia alama miti iliyokuwa karibu, wakaandika aina yake, upande ulikokuwa kila mti, na umbali wake kutoka pembeni. Miti hiyo iliitwa mashahidi. Hapa ipo kejeli ambayo mhakiki hawezi kuipuuza: mwaloni ulipewa heshima ya kutoa ushahidi, ilhali watu waliowahi kuishi chini ya mialoni hiyo hawakuwa na safu yao katika daftari.

Watu hao walikuwapo. New Boston uko kando ya mto Mississippi, ndani ya eneo ambalo serikali ya Marekani ilidai kuwa Wasauk na Wafox walilitoa kwa mkataba wa mwaka 1804. Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, aliukana mkataba huo. Mwaka 1832 alivuka mto kurudi Illinois pamoja na wanaume, wanawake na watoto. Vita vikazuka, na mwezi wa Agosti vikaishia Bad Axe kwa mauaji makubwa ya watu wake. Lincoln alikuwa miongoni mwa askari wa kujitolea wa Illinois na alichaguliwa kuwa kapteni, ingawa hakupigana vita hata mara moja. Miaka miwili baadaye alikuwa akiunyoosha mnyororo wake juu ya ardhi ya mkataba ule ule.

Mwaka 1833, mwaka ule ule wa uteuzi wa Lincoln, masimulizi ya maisha ya Black Hawk yalichapishwa. Aliyasimulia kwa kinywa. Antoine LeClaire akayafasiri, na J. B. Patterson akayahariri. Kwa hiyo matini hiyo imepita katika mikono mitatu, na wahakiki wana haki ya kuuliza ni sentensi zipi zilizo za msimulizi mwenyewe. Hata hivyo, ndani yake imo hoja ambayo ramani haina nafasi ya kuiweka: kwamba ardhi si kitu cha kuuzwa. Ramani ni sahihi kwa vipimo lakini bubu kwa historia; masimulizi yana mashaka ya mkono, lakini yanasema.

Karatasi za uwakili zina sifa hiyo hiyo. Lincoln alipata leseni mwaka 1836, na mwaka uliofuata akaanza kazi mjini Springfield pamoja na John Todd Stuart. Katika kesi ya Bailey na Cromwell, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Kabisa ya Illinois mwaka 1841, alimtetea Bailey, aliyekuwa akidaiwa fedha kwa hati aliyoitoa ili auziwe mwanamke mweusi aliyeitwa Nance. Mahakama ilishikilia kuwa katika Illinois kila mtu huchukuliwa kuwa huru, na kwamba mtu huru hauziki. Hivyo hati hiyo haikuwa na nguvu. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa. Lakini tazama umbo lake: wanaoshindana ni mdai na mdaiwa, na uhuru wa Nance unaingia kama jibu la swali la deni.

Mwaka 1847, katika kaunti ya Coles, Lincoln alisimama upande mwingine. Alimwakilisha Robert Matson, mmiliki wa watumwa kutoka Kentucky, aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake. Matson alishindwa, na familia hiyo ikawa huru. Mkono ule ule, na elimu ile ile ya sheria, ulikuwa tayari kutumikia pande zote mbili za mstari.

Hifadhi yenyewe nayo ina ukimya wake. Robert, mwana wa Lincoln, aliziweka karatasi za baba yake katika Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1919, kwa masharti yaliyozifungia wasomaji hadi Julai 26, 1947. Kumbukumbu za mahakama zilitawanyika katika kaunti mbalimbali, na nyingine ziliteketea katika moto wa Chicago wa mwaka 1871. Wahariri waliozikusanya walichapisha mwaka 2000 nyaraka za kesi zaidi ya 5,000. Wingi huo ni hazina, lakini wingi si ukamilifu.

Mwaka 1860, alipoandika wasifu wake kwa ajili ya kampeni ya urais, Lincoln alijitaja kwa nafsi ya tatu, kana kwamba anapima kiwanja cha mtu mwingine. Mhakiki anayetaka kumwelewa hana budi kuisoma mistari hiyo kwa makini. Akishaisoma, aiweke kando ya simulizi la Black Hawk na jina la Nance, kwa maana ukweli wa nchi ile haumo katika sanduku moja la karatasi.