Manabii na wafalme wa Babeli katika sanaa

Manabii na wafalme wa Babeli katika sanaa ni mada ya picha na sanamu zinazoonyesha manabii wa Biblia, hasa Danieli, Yeremia na Isaya, pamoja na wafalme wa Babeli ya kale waliotajwa katika vitabu vyao. Kazi maarufu zaidi za mada hii zinapatikana katika makumbusho ya London, Berlin, Amsterdam na Washington. Barani Afrika mfano mashuhuri ni mchoro wa ukutani kutoka Faras uliohifadhiwa Khartoum, nchini Sudan.

Kuna aina mbili za vitu ambavyo mara nyingi huchanganywa. Vingine vilitengenezwa Babeli yenyewe, wakati wafalme hao walikuwa hai. Vingine vilichorwa na Wakristo wa Afrika na Ulaya karne nyingi baadaye, na wachoraji hao hawakuwahi kuona sura ya mfalme yeyote wa Babeli. Kilemba kikubwa cha hariri ambacho watu wengi hukifikiria wanapowaza mfalme wa Babeli ni cha karne ya 17 huko Uholanzi, si cha Mesopotamia.

Jinsi wafalme walivyojionyesha

Mfalme wa Babeli aliyetajwa katika Biblia na ambaye sura yake imebaki vizuri ni Merodak-Baladani (kwa Kiakadi Marduk-apla-iddina II). Ndiye aliyetuma wajumbe kwa Hezekia, mfalme wa Yuda, naye nabii Isaya akamkemea Hezekia kwa kuwaonyesha hazina zake zote. Jiwe jeusi la mwaka 715 KK hivi, lililoko Berlin, linamwonyesha akiwa na ndevu ndefu, kofia iliyochongoka na fimbo mkononi. Anampa afisa wake shamba, na juu yao zimechongwa alama za miungu. Mfalme amechongwa mkubwa kuliko afisa, ingawa wote wawili wamesimama.

Nebukadreza II (alitawala 605–562 KK) aliteka Yerusalemu na kubomoa hekalu lake. Yeye aliacha majengo mengi kuliko picha za mwili wake. Jina lake lilipigwa chapa kwenye maelfu ya matofali ambayo leo yametawanyika katika makumbusho mengi duniani. Michongo yake iliyoko Wadi Brisa, nchini Lebanoni, imeharibika sana. Kazi yake inayojulikana zaidi ni Lango la Ishtar, lenye matofali ya buluu yanayong'aa na picha za mafahali na majoka. Simba walipambwa kwenye kuta za barabara ya maandamano iliyopita langoni.

Nabonido (556–539 KK), mfalme wa mwisho, anaonekana kwenye jiwe lililoko British Museum, akisimama mbele ya alama za mwezi, jua na nyota ya Ishtar. Mwanawe ndiye Belshaza. Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walidai kwamba Belshaza hakuwahi kuwepo, kwa kuwa waandishi wa Kigiriki kama Herodoto hawakumtaja. Mwaka 1854 mapipa madogo ya udongo yenye mwandiko wa kikabari yalichimbuliwa Uru, na ndani yake Nabonido anamwombea Belshaza, mwanawe wa kwanza. Hata hivyo maandishi ya Babeli hayamwiti mfalme. Alishika madaraka wakati baba yake alipokaa miaka 10 huko Tema, Uarabuni. Pia Kitabu cha Danieli kinamwita mwana wa Nebukadreza. Wengine hueleza kwamba neno hilo lina maana ya mrithi au mzawa, wengine kwamba simulizi za Nabonido zilihamia kwa Nebukadreza. Maoni ya pili yalipata nguvu baada ya kupatikana Qumran kwa kipande cha maandishi ya Kiaramu kinachosimulia ugonjwa wa Nabonido wa miaka 7.

Vijana watatu wa Faras

Faras ulikuwa mji muhimu wa Wakristo wa Nubia kando ya mto Nile, karibu na mpaka wa sasa wa Sudan na Misri. Kanisa kuu lake lilijaa mchanga, na mchanga huo ndio uliozihifadhi kuta zake. Wanaakiolojia kutoka Poland, wakiongozwa na Kazimierz Michałowski, walilichimbua kati ya miaka 1961 na 1964, wakikimbizana na maji ya bwawa la Aswan. Walikuta michoro zaidi ya 100, mingine ikiwa imepakwa juu ya mingine. Ilibanduliwa ukutani ikiwa imefunikwa kwa karatasi laini na nta, kisha ikagawanywa kati ya Warszawa na Khartoum. Mahali penyewe sasa ni chini ya ziwa. Maji ya ziwa hilo ni ya Nile, na sehemu yake imetoka mbali sana: mto Kagera, unaopita kando ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, ni mmojawapo wa vyanzo vya mbali vya Nile.

Mchoro wa vijana watatu, wa mwishoni mwa karne ya 10, uliangukia upande wa Khartoum. Unaonyesha Shadraka, Meshaki na Abednego ndani ya tanuru, na malaika Mikaeli akiwakinga kwa mabawa yaliyotandazwa na fimbo ndefu. Nebukadreza hayupo. Moto tu ndio unaosimama mahali pake, na huenda kwa sababu hiyo picha ina nguvu kuliko nyingi zilizomweka mfalme kwenye kiti chake. Simulizi hilo lilipendwa pia Misri: mchoro wa karne ya 6 kutoka Wadi Sarga uko British Museum.

Makumbusho ya Taifa ya Sudan yaliingia hatarini vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023. Jeshi liliporudisha mji mikononi mwake mwaka 2025, ilionekana kwamba vitu vingi vilikuwa vimeporwa.

Wachoraji wa Ulaya

Rembrandt alichora Karamu ya Belshaza miaka ya 1636–1638 hivi. Picha iko National Gallery, London, tangu 1964. Belshaza anageuka kwa hofu, divai inamwagika, na mkono unaandika ukutani kwa herufi za Kiebrania. Herufi zimepangwa kutoka juu kwenda chini, jambo linaloeleza kwa nini wenye hekima wa Babeli walishindwa kuzisoma. Inaaminika wazo hilo alilipata kwa Menasseh ben Israel, rabi wa Amsterdam. Hata hivyo herufi moja alikosea.

Mapema zaidi, mwaka 1630, alimchora Yeremia akiwa ameegemea mkono, mzee na mpweke, huku Yerusalemu ukiungua nyuma yake (Rijksmuseum, Amsterdam). Kwa mbali kuna mtu aliyejifunika macho kwa ngumi: ni Sedekia, mfalme aliyepofushwa na Wababeli.

Peter Paul Rubens alichora Danieli katika tundu la simba miaka ya 1614–1616 hivi (National Gallery of Art, Washington). Simba wake ni wa Afrika Kaskazini, waliofugwa kwa watawala mjini Brussels. Ndiyo maana wanaonekana simba kweli, tofauti na simba wa wachoraji wengi wa Ulaya ambao hufanana na mbwa wenye manyoya.

William Blake alimwonyesha Nebukadreza akitambaa uchi kama mnyama, macho yamemtoka (1795; nakala moja iko Tate, London).

Mabaki ya Babeli nje ya Iraq

Lango la Ishtar lilichimbuliwa na Robert Koldewey kati ya 1899 na 1917, vipande vyake vikapelekwa Ujerumani na kujengwa upya katika Makumbusho ya Pergamon, Berlin, mwaka 1930. Simba wa barabara ya maandamano waligawanywa kwa makumbusho kadhaa, yakiwemo Louvre na yale ya Istanbul. Iraq imewahi kudai lango lirudishwe; mjini Babeli kwenyewe wageni hupokelewa na mfano wake mdogo. Makumbusho ya Pergamon yalifungwa kwa ukarabati Oktoba 2023, na sehemu yenye lango inatarajiwa kufunguliwa mwaka 2037. Magofu ya Babeli yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2019.