Mabingwa Waliotoroka Kwao
Sehemu ya Kwanza

Kocha alipaswa kucheka. Hakucheka.

Ni mwishoni mwa Februari 1963, katika mji mdogo wa Starkville, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Vijana wa chuo cha Mississippi State wametoka kuifunga Tulane kwenye mpira wa kikapu. Kwa ushindi huo hakuna tena timu ya kuwapita kileleni mwa ligi. Kuwafikia, labda. Kuwapita, hapana.

Chuo hiki kilianza kama chuo cha kilimo, na mashabiki wake walikuwa na desturi moja ambayo wapinzani waliichukia mno: walikuja uwanjani na kengele za ng'ombe. Kengele zenyewe hasa, zile za kufungwa shingoni. Zilipoanza kugongwa kwa pamoja, mgeni hakusikia hata kocha wake anasema nini.

Basi ungetegemea furaha, sivyo? Lakini kocha James McCarthy, ambaye kila mtu alimwita Babe, alipozungumza na mashabiki wake hewani baada ya ushindi ule, alisema moyo unamuuma. Vijana wake wanakaribia ubingwa wa tatu mfululizo, halafu watalazimika kukunja jezi na kuziweka kabatini wakati wenzao wanakwenda kugombea taifa.

Bingwa anakatazwaje kwenda mahali alipopapata kwa jasho lake? Amemkosea nani?

Tulia hapo hapo, usifungue ukurasa mwingine. Nikupe kwanza mambo mawili matatu, maana bila hayo hutauona uchungu ulipo.

Ligi yao iliitwa SEC, ligi ya vyuo vya Kusini-Mashariki. Mwaka ule ilikuwa na vyuo 12, na kila timu ilicheza mechi 14 za ligi. Hapakuwa na mtoano wa kumaliza msimu. Ukiongoza msimamo wewe ndiye bingwa, na bingwa peke yake ndiye aliyepewa tiketi ya NCAA, mashindano ya taifa. Tiketi moja, vyuo 12. Umeelewa ugumu wake?

Na ndani ya ligi hiyo lilikaa jitu moja, Kentucky, timu ya kocha Adolph Rupp, iliyokwisha kubeba ubingwa wa taifa mara nne. Kumshinda Kentucky ilikuwa habari ya kusimuliwa mwaka mzima.

Sasa sikiliza hii.

Mwaka 1959 State walishinda mechi 24 wakapoteza moja tu. Nyota wao alikuwa Bailey Howell, yule aliyekuja kuchukua ubingwa wa NBA mara mbili akiwa na Boston Celtics. Wakatwaa ligi. Tiketi ya taifa ikaja mezani.

Wakaikataa. Ikaenda kwa Kentucky.

Mwaka 1961, mabingwa tena. Wakakataa tena. Kentucky akaenda.

Mwaka 1962 walimfuata Kentucky nyumbani kwake Lexington, wakamfunga 49 kwa 44 mbele ya watu wake. Msimu ukaisha timu hizo mbili zikiwa sawa kileleni, na rekodi ya State kwa mwaka mzima ikiwa ileile, ushindi 24, kipigo kimoja. Safari hii je?

Wakakataa. Kentucky akafunga mizigo.

Mara tatu, msomaji wangu! Vijana wa Starkville wanamenya, wa Lexington wanakula. Howell aliondoka chuoni bila kucheza hata dakika moja ya mashindano ya taifa, na hilo mimi naliona ni dhuluma isiyofutika kwa pete yoyote ya NBA.

Nani alikuwa akikataa? Wachezaji? Thubutu! Wachezaji walitaka kucheza. Aliyekataa ni sheria ambayo hakuna aliyewahi kuiandika.

Mississippi ya miaka ile ilikuwa na mwiko: timu ya wazungu watupu ya chuo cha serikali ya jimbo isicheze na timu yenye mchezaji mweusi. Kifungu hukioni kwenye kitabu chochote, saini huioni. Lakini kila mkuu wa chuo alijua kwamba akiuvunja, wabunge wa jimbo kule Jackson ndio wanaoshika mfuko wa fedha. Na kwenye NCAA, timu zenye wachezaji weusi ungezikwepa vipi?

Usidhani ni maneno matupu. Septemba 1962, miezi mitano tu kabla ya kocha kusema moyo unamuuma, kijana mweusi James Meredith alikwenda kuanza masomo Ole Miss, chuo kikuu kingine cha jimbo hilohilo. Gavana Ross Barnett akasimama kumzuia. Usiku mmoja wa ghasia, watu wawili wakauawa, na Rais Kennedy akalazimika kupeleka wanajeshi ili mwanafunzi mmoja aingie darasani.

Mwanafunzi mmoja!

Sasa fikiria wewe ndiye mkuu wa chuo, jirani na moto ule, risasi bado zinanuka, halafu usimame useme: vijana wangu wanakwenda kucheza na weusi.

Ungethubutu?

Kuna mmoja alithubutu.

Aliitwa Dean Colvard, mtu wa North Carolina, rais wa Mississippi State tangu 1960. Jumamosi ya Machi 2, 1963, alitoa tamko fupi: timu itakwenda kwenye mashindano ya taifa, isipokuwa mamlaka halali iizuie.

Soma tena maneno yale ya mwisho. Mamlaka halali iizuie. Aliacha mlango wazi kidogo, na utaona nani aliupitia.

Kabla hatujamshangilia sana, nikwambie na hili. Chuo cha Colvard hakikuwa na mwanafunzi mweusi hata mmoja. Wa kwanza, Richard Holmes, aliingia mwaka 1965. Kwa hiyo usimvishe Colvard joho la mkombozi, wala wachezaji wake. Walichotaka ni haki yao ya kucheza mpira waliostahili kucheza. Lakini katika Mississippi ya 1963, hata kutaka hicho tu kulihitaji kifua.

Na timu yenyewe ilikuwa imeshamaliza kazi: mechi 14 za ligi, ushindi 12, vipigo viwili. Ubingwa wa peke yao, bila kugawana na mtu.

Makelele yakaanza. Magazeti yakachagua pande, simu zikalia, barua zikamiminika. Jumamosi ya Machi 9, bodi inayosimamia vyuo vya jimbo ikaketi kuamua. Wangeweza kumfuta kazi Colvard siku ileile.

Kura zikapigwa. Nane kwa tatu.

Waende!

Umeshusha pumzi? Ipandishe. Ndiyo kwanza mambo yanaanza.

Maana wakati wazee wanapiga kura huko Mississippi, upande wa kaskazini kulikuwa na timu inayofunga pointi nyingi kuliko chuo chochote Marekani nzima. Loyola ya Chicago. Jumatatu ya Machi 11 waliikamata Tennessee Tech kwenye raundi ya kwanza wakaifunga 111 kwa 42. Hujasoma vibaya. Tofauti ya pointi 69, na mpaka leo hakuna aliyeifikia kwenye mashindano hayo.

Mshindi wa mechi ile angekutana na nani? Na bingwa wa SEC.

Na sasa tazama kikosi cha Loyola. Jerry Harkness, nahodha, kutoka New York. Ron Miller. Les Hunter. Vic Rouse. Na John Egan, mtoto wa Chicago. Egan mzungu. Wanne waliobaki, weusi. Enzi zile hata makocha wa kaskazini walikuwa na desturi ya kimyakimya ya kutozidisha idadi ya weusi uwanjani kwa wakati mmoja. Kocha wa Loyola, George Ireland, aliwaanzisha wanne.

Hebu nikunong'oneze jambo moja kuhusu Hunter na Rouse, kwa sababu mimi limenikaa kooni. Wote wawili walisoma Pearl, shule ya weusi mjini Nashville. Nashville hiyohiyo ndiko kilipo chuo cha Vanderbilt, mwanachama wa SEC. Vijana hawa walikulia kwenye mji wenye timu ya ligi hiyo, lakini hakuna timu hata moja ya ligi hiyo ambayo ingewachukua. Wakavuka majimbo kwenda Chicago kutafuta kikapu cha kufungia.

Kumbuka jina la mji huo. Nashville. Tutapita hapo muda si mrefu.

Huku kwa Harkness barua zilianza kufika. Zilikuwa za vitisho, za watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, zikimfikia kijana wa chuo anayejiandaa kwa mechi.

Jumatano, Machi 13. Kesho timu ya State inasafiri. Na hapo ndipo mtu akapita kwenye ule mlango ulioachwa wazi.

Walikuwa wawili: seneta wa jimbo Billy Mitts na seneta wa zamani B. W. Lawson. Mitts si mgeni Starkville. Aliwahi kuwa kiongozi wa wanafunzi wa chuo hichohicho cha State! Wakaenda mahakamani, wakapata kwa jaji zuio la muda: timu isitoke nje ya Mississippi.

Mamlaka halali. Unayakumbuka maneno ya Colvard?

Lakini zuio la mahakama lina udhaifu wake. Karatasi lazima imfikie mhusika. Lazima mtu asimame mlangoni kwako, ahakikishe ni wewe, akukabidhi mkononi. Na kama mlangoni hakuna mtu?

Habari zikawafikia viongozi wa State kabla ya maofisa wa sherifu.

Colvard akaelekea Alabama, alikokuwa na shughuli. Kocha McCarthy na mkuu wa michezo, Wade Walker, wakaingia kwenye gari wakashika njia ya Memphis. Tazama ramani: Memphis iko Tennessee. Ukivuka mpaka tu, karatasi ya jaji wa Mississippi ni karatasi ya kufungia karanga. Kutoka hapo wakaunganisha kwenda Nashville, kuisubiri timu.

Maofisa wakafika Starkville usiku. Rais wa chuo? Hayupo. Kocha? Hayupo. Mkuu wa michezo? Naye hayupo.

Waliokuwepo ni wachezaji, bwenini, vijana wa miaka ishirini hivi, mabegi yamefungwa, wakubwa wao watatu wamevuka mpaka. Wangeweza kuzuiwa kesho yake asubuhi kwenye uwanja wa ndege, mbele ya ndege yenyewe.

Unalalaje usiku wa namna hiyo?

Alhamisi, Machi 14, asubuhi. Mpango ulikuwa hivi. Wachezaji wa benchi wanatangulizwa kwenye uwanja wa ndege pamoja na mtabibu wa timu, kana kwamba wao ndio timu. Nyota wanabaki wamejificha. Kama sherifu yuko pale na karatasi yake, atawakamata wa benchi, na nyota watatafuta njia nyingine ya kutoka.

Wa benchi wakaenda. Hebu jiweke kwenye nafasi ya kijana wa benchi, asiyepata hata dakika tano kwenye mechi, anayetumwa akakamatwe kwa niaba ya wenzake. Wale ndio ninaowavulia kofia kuliko wote katika kisa hiki.

Wakafika. Wakaangalia huku na huku.

Hakuna aliyewazuia.

Ujumbe ukarudi bwenini: njooni, haraka. Nyota wakachomoka, wakapanda, mlango ukafungwa. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, na ardhi ya Mississippi ikabaki chini pamoja na zuio lake.

Ikashuka Nashville, mji wa Hunter na Rouse. Kocha McCarthy alikuwa anawasubiri. Kutoka pale, moja kwa moja mpaka East Lansing, Michigan.

Ijumaa, Machi 15, 1963, ukumbi wa Jenison. Hakuna kengele za ng'ombe hapa. Manahodha wanaitwa katikati ya uwanja kusalimiana, kama inavyofanyika kila mechi duniani.

Upande mmoja Joe Dan Gold wa Mississippi State. Upande wa pili Jerry Harkness, na zile barua bado kichwani.

Gold akanyoosha mkono. Harkness akaupokea.

Na ukumbi mzima ukawaka! Taa za kamera zikapasuka kutoka kila pembe, nyingi kiasi kwamba Harkness, kama alivyosimulia mara nyingi baadaye, hapo ndipo alipoelewa kuwa hii si mechi kama nyingine.

Mpira ukarushwa juu.

Na hapa, msomaji wangu, kaa vizuri. Timu iliyofunga pointi 111 siku nne zilizopita inarusha, inakosa. Inarusha tena, inakosa. State wanapunguza mwendo, wanapasiana taratibu, wanasubiri mwanya, wanafunga. Wanafunga tena. Dakika zinakatika.

Ubao unasomeka: Mississippi State 7, Loyola 0.

Sifuri! Vijana waliotoroka kwao asubuhi ya jana wanawakimbiza wafungaji wakali kuliko wote Marekani. Kocha Ireland anatazama wanne wake na Egan, na hana tabia ya kubadilisha wachezaji: watano hawa ndio wanaoanza, watano hawa ndio wanaomaliza.

Je, mikono ya Harkness imepozwa na zile barua? Nani kati ya nyota wa State atatolewa kwa faulo wakati timu yake inamhitaji kuliko wakati wowote? Na siku Joe Dan Gold alipofariki, miaka mingi baadaye, ni mgeni gani aliyesafiri kwenda mazishini, na alikuta picha gani karibu na jeneza?

Itaendelea Jumamosi ijayo.