Nani Aliwalaza Watoto?

Shuleni tuliikariri historia ya Hali ya Hatari kama kasuku. Ilitangazwa Oktoba 1952. Dedan Kimathi alishikwa 1956, akanyongwa 1957. Hola ni Machi 1959, wafungwa 11 wakapigwa mpaka wakafa. Mtihani ukiisha tunasahau, mambo kwisha. Lakini kuna swali moja ambalo mwalimu hakuuliza na kitabu hakikujibu: wanaume wakiwa msituni na kizuizini, usiku ukiingia, nani aliwalaza watoto?

Usicheke, msomaji. Najua linaonekana swali dogo, swali la jikoni. Hebu kwanza tuhesabu.

Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya mkoloni iliizingira Nairobi katika ile operesheni iliyoitwa Anvil. Maelfu ya wanaume Wakikuyu, Waembu na Wameru walipakiwa kwenye malori, wengi wakaishia Mackinnon Road na Manyani. Wanawake na watoto wakarudishwa rizavu. Mwezi wa Juni mwaka huohuo ikaamuliwa kwamba watu wa mashambani nao wahamishwe kwenye vijiji vya lazima. Kufikia mwisho wa 1955, watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamesongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800. Kijiji kilizungushiwa handaki, miti iliyochongwa ncha na seng'enge, na juu ya mnara akakaa homugadi na bunduki yake. Huko walikotoka, nyumba zao zilibomolewa au kutiwa moto.

Sasa niambie, vijiji hivyo vilijaa nani? Akina mama, wazee na watoto. Mchana mama alitolewa kwenda kazi ya lazima, kuchimba handaki na kutengeneza barabara bila malipo. Jioni anarudi, kafyu inaanza. Kuni hana, maji ni kidogo, na watoto wanamngoja. Hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanzia.

Zamani haikuwa hivyo. Katika boma la Mkikuyu mwanamume alikuwa na thingira yake, na kila mke alikuwa na nyumba yake. Watoto wadogo walilala kwa mama. Lakini mama huyo hakuwa peke yake: palikuwa na nyanya, palikuwa na mke mwenza, palikuwa na binti wa jirani. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha utotoni kilichotoka 2010, anaeleza jinsi watoto wa wake wanne wa baba yake walivyokusanyika usiku kusikiliza hadithi. Baadaye mama yake aliachana na mumewe, akawalea wanawe mwenyewe. Na mwaka 1955, Ngũgĩ aliporudi likizoni kutoka Alliance, alikuta kwao hakuna kwao tena. Watu walikuwa wamehamishiwa kijijini Kamĩrĩthũ.

Nyanya yangu hakusoma Alliance. Alikuwa na miaka 9 walipohamishwa, huko Murang'a, wilaya ambayo mkoloni aliiita Fort Hall. Yeye ndiye kifungua mimba, na nyuma yake wanne. Baba yao alikuwa Manyani. Nilipomuuliza walikuwa wanalala vipi, alishangaa kidogo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. Huwa wanamuuliza habari za risasi.

Akanipa mpango wote. Blanketi moja. Mdogo kabisa alilala ubavuni mwa mama, anayekojoa akawekwa pembeni ili asilowanishe wenzake, na yeye mkubwa akalala upande wa mlango. Moto ulifunikwa majivu mapema. Halafu mama akaanza hadithi, kwa kunong'ona, maana doria ilipita nje. Sisi wa Kiswahili tunasema Paukwa, mwenzako anajibu Pakawa. Wao msimulizi husema "Uga itha," na watoto wanaitikia "Itha." Mama alilirudia neno hilo katikati ya hadithi, mara kwa mara, akisikiliza. Sauti tano zikiitikia, wote wako macho. Zikibaki tatu, wawili wamelala. Alikuwa akiwahesabu gizani bila taa, na bila kumgusa yeyote asije akamwamsha.

"Nilikuwa wa mwisho kila siku," nyanya akaniambia. "Nilikuwa naitikia peke yangu hata usingizi ukinishika, kwa sababu nilijua nikinyamaza, mama atabaki peke yake."

Nimesoma vitabu vya wanahistoria kuhusu vita hivi. Sijaona mahali palipoelezwa kwamba hadithi za mazimwi zilifanya kazi ya taa na ya rejista.

Tena usifikiri mambo yaliisha Hali ya Hatari ilipoondolewa, Januari 1960. Wanaume wengine hawakurudi. Wengine walirudi wakakuta ardhi imeshaunganishwa na kupimwa chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na fungu lao limepungua au limeyeyuka. Mjane asiye na mtu wa kumsemea barazani alifanya nini? Wengi walibeba watoto wakaja Nairobi, Mathare Valley, wakapika busaa na kupangisha chumba kimoja.

Na mji huu haukujengwa kwa ajili yao. Mkoloni aliupanga kama mji wa makapera: kitanda kimoja, mwanamume mmoja, mshahara wa mtu mmoja. Kamati ya Carpenter ya 1954 ndiyo iliyopendekeza mshahara wa chini uhesabiwe kwa kufikiria familia. Yaani kabla ya hapo, kwenye hesabu za serikali, mtoto wa mfanyakazi hakuwa anakula wala kulala! Mama wa Mathare aliyekuwa akipanga watoto wanne juu ya mkeka mmoja alikuwa analipia hesabu hiyo.

Sisi vijana wa mtaani tuliionja kafyu mwaka 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tulilalamika sana, na tulikuwa na haki. Akina mama wale waliishi na kafyu miaka, na asubuhi walitoka kuchimba handaki.

Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa, jumla ya pauni milioni 19.9. Wanawake walikuwemo. Lakini kwa kazi ya usiku hakuna mahakama iliyowahi kuombwa kitu.

Wenzangu mnaoandika, mnaotafuta visa vya riwaya kwenye sinema za majuu, ombi langu ni hili. Waliokuwa watoto katika vijiji vile sasa wana miaka 70 na 80 na zaidi. Ngũgĩ mwenyewe alituacha Mei 2025. Nyumbani kwenu pengine yupo mmoja amekaa pale juani. Mtafute wikendi hii, umpelekee sukari na majani ya chai, umuulize walilala vipi, nani alikuwa upande wa mlango, na nani alisinzia wa mwisho. Halafu uandike kabla hajachoka.