Pochi ya Bitcoin: kutoka faili moja hadi maneno 12

Watu wakisikia kwamba mimi huandika programu, huniuliza: "Hiyo pochi ya Bitcoin naiwekaje kwenye mashine yangu?" Swali zuri. Lakini ukifuata historia yake utaona kwamba kuiweka hakukuwa kugumu hata mwanzoni. Ugumu ulianza baada ya hapo, na waanzilishi wengi waliujua wakiwa wameshapoteza pesa.

Satoshi Nakamoto alitoa toleo la 0.1 mwezi wa Januari 2009, la Windows pekee. Ulipakua faili lililobanwa, ukalifungua ndani ya folda, ukabofya BITCOIN.EXE, basi. Desemba 2009 toleo la 0.2 likaleta Linux, na Julai 2010 toleo la 0.3 likaleta Mac.

Shida ilikuwa ndani ya faili moja dogo, wallet.dat. Pesa zenyewe hazikai humo. Zimeandikwa katika daftari la miamala ambalo maelfu ya kompyuta duniani zina nakala yake. Ndani ya wallet.dat mlikuwa na funguo za siri, yaani namba ndefu zinazothibitisha kwamba wewe ndiye mwenye haki ya kutumia kiasi fulani. Sisi tumezoea M-Pesa tangu 2007: ukisahau PIN, kuna kampuni ya kupigia na kitambulisho cha kuonyesha. Kwa Bitcoin, ukipoteza funguo hakuna wa kumpigia.

Tena kulikuwa na mtego. Ukilipia kitu cha shilingi 200 kwa noti ya 1,000, unarudishiwa chenji. Bitcoin hufanya vivyo hivyo, ila programu ile iliipeleka chenji kwenye anwani mpya yenye ufunguo mpya. Mwaka 2010 mtumiaji mmoja mwenye Bitcoin 9,000 hivi aliweka nakala ya akiba ya faili lake, kisha akajitumia Bitcoin 1. Zilizobaki zilirudi kama chenji kwa ufunguo ambao haukuwa kwenye nakala ile. Faili jipya lilipopotea, pesa zikapotea. Alifanya kila alichoambiwa mtu makini afanye, na programu haikumwonya. Mwaka huohuo toleo la 0.3.14 likaanza kutengeneza funguo 100 mapema, ili nakala moja ifae kwa muda mrefu zaidi.

Kufunga wallet.dat kwa neno la siri kulikuja Septemba 2011, katika toleo la 0.4. Kabla ya hapo, aliyeiba faili alikuwa ameiba pesa.

Kizingiti kingine kilikuwa daftari lenyewe. Pochi ya awali ilitaka ulipakue lote kabla ya kuona salio sahihi. Leo daftari hilo limepita gigabaiti 500, na kwa anayenunua bando la siku hilo haliwezekani. Novemba 2011 Thomas Voegtlin alitoa Electrum, ambayo huuliza seva habari za anwani zako tu, huku funguo zikibaki kwako. Sasa mgeni aliweza kuanza kwa dakika chache.

Mwaka 2012 Pieter Wuille alipendekeza njia ya kuzalisha funguo zote kutoka mbegu moja, iitwayo BIP 32. Mwaka 2013 ikaja BIP 39, inayoizalisha mbegu hiyo kutoka maneno 12 hadi 24 ya orodha ya maneno 2,048. Unayaandika kwenye karatasi mara moja tu. Mtego wa chenji ukaisha. Lakini Kiswahili hakimo katika orodha rasmi za BIP 39. Mama asiyesoma Kiingereza atanakili maneno asiyoyaelewa, na akikosea hata moja huenda asijue mpaka siku anapoyahitaji.

Urahisi nao ulileta wezi wake. Desemba 2018 seva za wahalifu ziliwaonyesha watumiaji wa Electrum ujumbe wa kuwataka wapakue toleo jipya. Lilikuwa bandia, na Bitcoin zaidi ya 200 ziliibwa. Mtu aliyezoea kubofya "sawa" alibofya tena.

Wengine waliondoa kazi yote kwa kumtunzia mteja funguo. Machankura, iliyoanzishwa mwaka 2022 na Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini, hutumika kwa USSD kwenye simu ya kawaida, bila kusakinisha chochote. Ni msaada mkubwa. Ila katika mpango wa aina hii unamwamini mtunzaji, na waliomwamini Mt. Gox wanakumbuka Februari 2014, ilipofilisika na kusema Bitcoin 850,000 hivi hazionekani.

Kwa hiyo tunaoandika programu hizi tuache kujisifu kwamba pochi yetu inasakinishwa kwa mibofyo miwili. Satoshi alishafika hapo mwaka 2009. Pochi nzuri kwa mgeni imwambie kwa lugha yake nani anashika funguo. Imtake arudishe pochi kutoka kwenye karatasi yake kabla hajapokea hata senti. Ihakiki yenyewe kwamba toleo jipya limetoka kwa watunzi halisi. Hatua hizi zitamchelewesha dakika kumi. Kama unaweka pochi leo na programu yako haikulazimishi, jilazimishe: yaandike maneno, futa pochi ikiwa bado tupu, uirudishe, ndipo uingize pesa.