Akaunti ya dereva ikifungwa, sheria ya Australia yasemaje?

Nchini Australia, madereva na wapelekaji chakula wanaopata kazi kupitia programu za simu kwa kawaida huhesabiwa kuwa wakandarasi huru, si waajiriwa. Hata hivyo, tangu tarehe 26 Februari 2025, sheria inawalinda dhidi ya kufungiwa akaunti bila haki. Aliyefanya kazi kupitia kampuni hiyo mara kwa mara kwa angalau miezi 6, na ambaye mapato yake hayazidi kiwango kilichowekwa, anaweza kulalamika kwa tume ya Fair Work ndani ya siku 21 tangu akaunti ifungwe. Tume ikiridhika, inaweza kuamuru akaunti ifunguliwe na mapato yaliyopotea yalipwe. Hivyo, ujumbe wa kampuni wa kufunga akaunti unafaa kuhifadhiwa.