Utafiti wa lishe: swali lisilojibiwa si sawa na "hapana"

Karani wa utafiti wa lishe akifika nyumbani kwako, huenda akakuuliza ulichokula jana, kuanzia ulipoamka mpaka ulipolala. Wengi huona maswali hayo ni mengi mno. Katika makala haya tunaeleza kwa nini kila jibu lina uzito, na nini hufanyika dodoso likibaki na mapengo.

Kipimo kimoja kinachotumika sana kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 kina makundi 10 ya vyakula: nafaka, viazi na ndizi za kupika, kunde na maharage, karanga na mbegu, maziwa, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga za majani, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, kama embe bivu na karoti, mboga nyingine, na matunda mengine. Mwanamke aliyekula angalau makundi 5 amefikia kiwango.

Tuchukue mfano. Mama alikula ugali, dagaa, mchicha, na nyanya za kutosha kwenye mchuzi. Hayo ni makundi 4. Walipofika kwenye swali la matunda, mtoto akalia na swali likarukwa. Kumbe mama alikula embe bivu shambani. Karani akijaza "hapana", mama ataonekana hajafikia kiwango, ingawa amefikia. Akijaza "ndiyo" kwa kubahatisha, mwingine asiyekula tunda ataonekana yuko salama.

Sasa tuseme wameulizwa wanawake 200, na 20 majibu yao hayakukamilika. Kati ya 180 waliobaki, 90 wamefikia kiwango, yaani asilimia 50. Wale 20 wakihesabiwa wote kuwa hawakufikia, tunapata asilimia 45. Wakihesabiwa wote kuwa wamefikia, ni asilimia 55. Mipango ya lishe ya eneo hutegemea takwimu za namna hii.

Mapengo hushughulikiwaje?

- Karani hupitia dodoso lote kabla ya kuondoka, na kuuliza tena palipo wazi.
- "Hapana", "sijui" na "sitaki kujibu" huandikwa kila moja peke yake.
- Karani akirudi baada ya siku kadhaa, ni vigumu kukumbuka mlo wa siku ile. Ni afadhali aulize upya kuhusu jana ya siku aliyorudi, na aandike tarehe mpya.
- Ofisini, wataalamu huangalia kama mapengo yako kwenye swali moja au kwa karani mmoja. Huenda swali halikueleweka.
- Wakikadiria majibu kwa kutumia kaya zinazofanana, ripoti iseme hivyo, na itaje madodoso mangapi hayakukamilika.

Nawe msikilizaji una nafasi yako. Ukiulizwa, ikumbuke siku kwa mpangilio: chai ya asubuhi, shambani, mchana, jioni, usiku. Usisahau vya kutafuna njiani. Kama hukumbuki, sema hukumbuki, si aibu. Una haki ya kukataa swali. Kabla karani hajaondoka, mwombe akusomee majibu yako. Palipo na kosa, parekebishwe hapo hapo.