Kadhi Aliyekataa na Kadhi Aliyekubali

Ndugu msomaji, suala hili huulizwa kila siku misikitini na vyuoni. Kijana ameitwa kazini. Kazi yenyewe si haramu, lakini mwajiri ni dhalimu, au mali yake imeingia shubha, na nyumbani kuna mama mgonjwa na watoto wanaongoja chakula. Je, akubali au akatae? (Siisemi kazi ambayo sharia imekwisha kuikataza waziwazi, kama kuuza ulevi. Hiyo jawabu yake inajulikana.)

Wengi wetu hukimbilia kumtajia kijana huyo Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeukataa ukadhi mpaka akapigwa na kufungwa. Kisa ni cha kweli, lakini hukisimulia nusu.

Imamu Abu Hanifa alizaliwa Kufa mwaka 80 H. (699). Katika mwisho wa dola ya Banu Umayya, liwali wa Iraq, Ibn Hubayra, alimtaka ashike kazi ya serikali. Akakataa, akapigwa mijeledi. Ikaja dola ya Banu Abbas, na Khalifa Mansur, aliyeujenga mji wa Baghdad, akamtaka awe kadhi. Imamu akamwambia kuwa yeye hafai kazi hiyo. Khalifa akamwambia kuwa anasema uwongo. Basi Imamu akajibu kwamba, ikiwa ni hivyo, Khalifa mwenyewe amekwisha hukumu, kwa kuwa mwongo hafai kuwa kadhi! Akatiwa gerezani, na akafariki Baghdad mwaka 150 H. (767).

Alikuwa akiogopa nini? Si kazi ya kuhukumu, kwani hakuna aliyeijua zaidi kuliko yeye. Aliona kuwa mwanachuoni akila mshahara wa Mansur, watu watadhani kuwa ameyaridhia matendo ya Mansur, na hilo ndilo alilolitaka Mansur.

Sasa sikiliza nusu ya pili. Imamu alikuwa tajiri. Alikuwa na duka la nguo za hariri Kufa, na uaminifu wake katika biashara ulikuwa mashuhuri. Imesimuliwa kuwa mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumwonyesha mnunuzi, na Imamu alipojua akaitoa sadaka thamani yote. Mtu huyu alipomwambia Khalifa “sitaki”, jioni ile watu wa nyumbani kwake hawakulala na njaa. Hapunguziki cheo kwa hilo, kwani fimbo zilimwumiza kama zinavyomwumiza maskini. Lakini si haki kumpima mtu asiye na kitu kwa pishi ya mwenye duka.

Na Imamu mwenyewe hakufanya hivyo. Alikuwa na mwanafunzi, Yaaqub bin Ibrahim, tunayemwita Abu Yusuf, aliyezaliwa mwaka 113 H. Kwao walikuwa mafukara. Baba yake (wengine husimulia kuwa ni mama yake) alimkanya asijilinganishe na Abu Hanifa, kwani mwenziwe mkate wake umekwisha kuiva, na yeye bado anautafuta. Kijana akatii, akaacha darsa. Imamu akamwulizia. Alipokuja na kueleza hali yake, Imamu hakumpa waadhi wa subira. Alimpa mfuko wenye dirham 100, akamwambia arudi kusoma, na zikimalizika amjulishe. Haukupita muda akampa 100 nyingine bila ya kuambiwa, na akaendelea hivyo.

Ningependa tutue hapa kidogo, maana hapa ndipo sisi tunapopungukiwa. Tuna ndimi nyingi za kumwambia kijana “iache kazi ile”, na mifuko michache ya dirham 100.

Abu Yusuf huyu, mwalimu wake alipokwisha kufa, aliukubali ule ule ukadhi alioukataa mwalimu wake. Akahukumu chini ya Mahdi, na Hadi, na Harun Rashid, akawa wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi. Wako waliomlaumu. Lakini tazama alivyokitumia kiti kile. Harun alipomtaka amwandikie kitabu cha kodi, aliandika Kitabu cha Kharaj, na ndani yake akamkanya Khalifa asiwaachie watoza kodi kuwapiga watu na kuwasimamisha juani. Akamtaka pia aache kuwatoa wafungwa na minyororo yao kuomba sadaka njiani, na kila mmoja apewe dirham 10 kwa mwezi za chakula. Nani angalimwambia Harun hayo, kama wema wote wangalibaki nyumbani?

Suala hili lilifika na pwani yetu. Baada ya mapatano ya mwaka 1895, makadhi wa Mombasa na Lamu walikuwa chini ya serikali ya Kiingereza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa akiwaonya Waislamu katika gazeti lake la Al-Islah wasiwaige Wazungu ovyo, alikubali kuwa kadhi, na kutoka mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mpaka alipofariki mwaka 1947. Wala kalamu yake hatujui kuwa iliuzwa.

Tena usidhani kuwa Abu Yusuf aliona amepita salama. Imepokewa kuwa alipokuwa akifa mwaka 182 H. (798), alisema kuwa hakuwahi kuacha kuwasawazisha wenye kesi isipokuwa mara moja. Mkristo mmoja alimshitaki Khalifa, na yeye hakuweza kumwamrisha Khalifa ainuke kitini akae pamoja na mdai wake. Alimsogeza yule Mkristo karibu na kiti kadiri alivyoweza, kisha akaisikiliza kesi, na bado hawajawa sawa.